Nani Atamwambia Baba

Mwaka huu timu yetu ya Korongo imenifanya nimchukie hata korongo mwenyewe, yule ndege. Wako wengi hapa Yeosu, mji wetu wa pwani ya kusini ya Korea. Wanatua kwenye matope nyuma ya soko la samaki, wanasimama kwa mguu mmoja, wanangoja. Zamani nilikuwa nawatupia vichwa vya samaki. Tangu mwezi wa sita nawatupia maneno.

"Na nyie mnangoja nini?" nawauliza. "Mpira uje wenyewe mdomoni?"

Wenzangu wa sokoni hucheka. Wanasema besiboli ni mchezo tu. Sijawahi kuyaelewa maneno hayo. Kama ni mchezo tu, mbona mimi nimekonda?

Mpaka Jumapili ninayotaka kuisimulia, Korongo walikuwa wamefungwa mara kumi na saba mfululizo. Wamefungwa kwenye jua, wamefungwa kwenye manyunyu. Wamefungwa na timu ambazo zenyewe zilikuwa zinatafuta mtu wa kuzifunga. Mwezi wa nane wachezaji wote walinyoa vipara kuonyesha kwamba safari hii wamedhamiria. Wakafungwa wakiwa vipara. Tofauti pekee niliyoiona ni kwamba jua liliwachoma zaidi. Kocha wao, Chon Byongdo, akawafungia kambini kule mlimani nje ya mji, wasione wake wala watoto, wale pamoja, walale pamoja. Wakafungwa pamoja.

"Vumilia, Mama Useok," aliniambia jirani yangu mwenye meza ya chaza. "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Basi sisi ni washindani wa dunia nzima," nikamjibu. "Tunakubali kila jioni."

Ugonjwa huu nimeurithi. Baba yetu, marehemu Maeng Hakdong, alikuwa mwanika samaki, na redio yake ilining'inia kwenye kamba moja na samaki. Siku za mechi ya nyumbani alinibeba begani mpaka uwanjani. Korongo wakifungwa, na walifungwa sana hata enzi hizo, mimi nililia njia nzima. Baba hakulia wala hakutukana. Alijifuta uso, akamgeukia mtu yeyote aliyekuwa karibu, akamuuliza: "Kesho wanaanza saa ngapi?"

Swali hilo lilikuwa linanichoma kuliko kufungwa kwenyewe. Nilimwona kama mtu aliyeibiwa anayemuuliza mwizi atarudi lini. Mama alikuwa akisema, "Mume wangu, wewe sikio la kufa kabisa." Baba alicheka tu, na kesho yake tulikwenda.

Alipokuwa anakaribia kuondoka, miaka tisa iliyopita, alituita mimi na mdogo wangu Jungbae. Alitupa wasia mmoja tu. Kila mwaka siku ya tambiko lake, kabla ya kumweleza habari za ndoa na wajukuu, tumwambie kwanza Korongo wako nafasi ya ngapi. "Mengine baadaye," alisema. Na hivyo ndivyo tulivyofanya. Mwaka mmoja tulimwambia wa tano. Mwaka mwingine wa tatu, na siku hiyo Jungbae alimwaga machozi kwenye kikombe. Kuna mwaka tulisema wa saba, kwa sauti ndogo.

Kwa desturi yetu, dada hupika na kaka humimina. Mimi nasimama jikoni siku tatu, nakaanga samaki, napanga peari na kunazi na wali, halafu mtoto wa kiume anakuja, anamimina kikombe kimoja cha pombe ya mchele, anainama mara mbili paji likigusa sakafu, na marehemu anamsikiliza yeye. Nilimbeba Jungbae mgongoni akiwa na kamasi, lakini mbele ya baba yeye ndiye mwenye ulimi. Sina ugomvi na hilo. Mwaka huu nilikuwa nalishukuru.

Tambiko lilikuwa Jumapili saa moja jioni. Alhamisi kabla yake Jungbae alikuja kwangu kunisaidia kuchambua kunazi. Huyu mdogo wangu ni dereva wa basi la Korongo. Mji mzima unajua, na kwa sababu hiyo mimi sina raha. Watu wananiambia pale sokoni, "Mwambie mdogo wako awapige breki wote wazinduke." Mwezi wa tatu klabu ilipopata basi jipya, tulilifanyia baraka kama inavyotakiwa, kichwa cha nguruwe mezani, pombe ikamwagwa kwenye magurudumu, na mimi mwenyewe nikatoa samaki mkavu aliyefungwa uzi mweupe wa kukinga mikosi. Alikuwa samaki wangu bora. Jungbae alimweka chini ya kiti chake. Sasa watu wanasema samaki wangu alikuwa na minyoo.

"Huko ndani ya basi wanafanya nini wakishafungwa?" nikamuuliza, kama nilivyomuuliza msimu mzima. "Wanalia? Wanacheka? Wanalala?"

"Dada, ya ndani ya basi yanabaki ndani ya basi."

"Nataka kujua tu kama wanaumia."

"Kunazi hii imeoza," alisema, akaitupa.

Tuliendelea kuchambua. Kisha nikaona mikono yake imesimama.

"Dada," alisema, "Jumapili nitamwambia nini baba?"

"Mwambie ukweli."

"Kwamba ni wa mwisho? Kwamba hatujashinda tangu kabla ya mvua?"

"Labda watashinda mara moja kabla ya tambiko. Wana siku nne."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayeulizia safari. "Mimi nimefikiria," alisema. "Tumwambie wa nne. Hatajua."

Niliweka sinia chini. "Wewe! Umdanganye baba, mezani kwake, akiwa amekuja kula?"

"Ni uongo mdogo, dada. Wa kumstarehesha."

"Mtu ametoka ahera na miguu yake kuja kuuliza swali moja. Ukimdanganya, mwaka kesho usikanyage hapa. Nitamimina mwenyewe, na wazee wakasirike wakitaka."

Aliinama juu ya kunazi zake. Lakini nilijua lililomkaa kooni, kwa sababu na langu lilikuwa hapohapo. Ulikuwa mzigo wetu wote wawili. Nilichokitaka ni ushindi mmoja tu, wa kuokoteza, hata wa mvua, ili Jungbae aweze kusema: baba, tuko wa mwisho, lakini leo tumeshinda. Kwa sentensi hiyo moja baba angekula chakula chake.

Alhamisi jioni wakafungwa. Ijumaa wakafungwa, Jumamosi wakafungwa, na zile kumi na saba zikatimia.

Jumapili asubuhi nilimaliza kila kitu mapema. Samaki kakaangwa, wali uko kwenye sufuria, meza imepangwa, kitambaa cheupe juu. Mechi ilikuwa saa nane mchana. Nikavaa kofia ya zamani ya baba, ile ya njano iliyopauka, kwa sababu sijawahi kuingia uwanjani bila hiyo, nikaenda. Nilipiga hesabu kwamba saa kumi na moja mechi itakwisha, Jungbae atawapeleka kambini na kurudi, na saa moja tutakuwa mbele ya baba.

Na Mungu shahidi, walikuwa wanashinda!

Ningependa mnielewe hapo. Raundi ya kwanza mpaka ya sita, Korongo walicheza besiboli. Yule kijana mrushaji, Ban Jongu, mwembamba kama uzi, alirusha mpira wapigaji wa upande wa pili wakabaki wanapunga rungu hewani kama wanafukuza nzi. Tukawa tunaongoza tano kwa mbili. Fundi Pyo, yule mziba pancha ambaye hukaa nyuma yangu na sauti yake inasikika mpaka bandarini, alinipiga begani.

"Mama Useok! Baba yako leo atakula!"

"Nyamaza usitutie nuksi," nikamwambia. Nilikuwa nimeshaona kichwani jinsi Jungbae atakavyoinuka pale kwenye mkeka na kusema ile sentensi.

Raundi ya saba, Ban akawaruhusu wawili kufika vituoni. Si jambo kubwa. Hutokea. Lakini Kocha Chon akatoka kibandani kwake, mikono nyuma, akamwendea yule mtoto na kumnyang'anya mpira.

"Hapana!" nilipiga kelele. "Hapana, hapana, hapana! Mwache mtoto!"

Uwanja mzima tulipiga kelele hiyo. Kocha hakusikia, au alisikia akafanya. Akamwingiza Tak Gwangsu, mkongwe ambaye mkono wake ulikufa misimu mitatu iliyopita na haujazikwa tu. Tak akarusha mipira ovyo, vituo vyote vitatu vikajaa. Akarusha tena, laini, katikati, kama anayempa mgeni chungwa. Mpira ulipigwa ukapaa. Niliufuata kwa macho mpaka ulipovuka ukuta. Pointi nne kwa mkupuo mmoja, wale watatu wa vituoni na mpigaji mwenyewe. Sita kwa tano, na hivyo ndivyo ilivyobaki mpaka mwisho.

Sikulia. Niliinuka, nikakusanya mayai yangu ya kuchemsha ambayo sikuyala, nikasema kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu: "Leo ni kesi."

Hapa kwetu timu ikifungwa kupita kiasi, mashabiki hatuendi nyumbani. Tunakwenda lango la nyuma, tunakaa chini mbele ya basi, na hatuondoki mpaka kocha ashuke ajieleze. Hiyo ndiyo tunaiita kesi. Kwa kawaida kocha hushuka, huinama, huomba radhi, watu humtukana kidogo, kila mtu akaenda zake. Dakika ishirini zinatosha. Lakini Chon tangu aje hajawahi kushuka hata mara moja. Msimu huu tulimweka kesi mara mbili, na mara zote mbili alikaa ndani na pazia lake mpaka mvua ikatutawanya.

"Leo hakuna mvua," nilisema pale langoni, nikakaa kwenye lami karibu kabisa na gurudumu la mbele. Watu kama mia mbili wakakaa nyuma yangu. "Hatuondoki hata mbingu zianguke!"

"Hata zianguke!" akaitikia Fundi Pyo.

Jungbae alikuwa kwenye usukani. Nilimwona akinitazama kupitia kioo, uso umempauka. Nikamkunjia ngumi, si yeye, ni wale nyuma yake. "Mlete huyo kocha!" tuliimba. "Mlete, mlete!" Mapazia ya basi yote yalikuwa yamefungwa. Hakuna aliyeshuka.

Tulipiga kelele mpaka sauti zikapasuka. Mtu akapitisha pweza mkavu, mwingine akapitisha soju, pombe yetu kali. Fundi Pyo akaanza mzaha.

"Kocha! Huyo Tak ulimtoa kaburini au kwenye friji?"

"Mrudishieni mtoto mpira wake!"

"Nywele zao zimeanza kuota, wanyoeni tena!"

Watu walicheka, nami nilicheka, lakini kicheko kilikuwa kichungu. Jua likaanza kuteremka nyuma ya taa za uwanja. Jungbae akawa ananifanyia ishara pale ndani. Aligonga mkono wake wa kushoto, pale panapovaliwa saa. Kisha akafanya kama mtu anayemimina kitu kikombeni. Nikadhani ananiambia nimelewa.

"Sijalewa!" nikamjibu kwa hasira.

Akafungua dirisha dogo la pembeni, akatoa kichwa. "Dada! Tambiko!"

Niliitazama saa ya Fundi Pyo. Ilikuwa saa moja kasoro dakika chache.

Mtu mwenye akili atauliza, mtu anapika siku tatu halafu anasahauje? Nami ningeuliza. Sikusahau chakula, wala sikusahau siku. Nilichosahau ni kwamba nikilizuia basi, ninamzuia na dereva, na dereva ndiye mtoto pekee wa kiume wa Maeng Hakdong. Baba alikuwa njiani anakuja nyumbani kwangu, na atakuta wali umepoa, kitambaa juu, hakuna mtu wa kumimina. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimekaa ndani ya changu na mayai yangu mapajani.

Niliinuka. "Jamani, naomba mtupishe. Basi lipite. Nina tambiko la baba."

"Tupishe?" Fundi Pyo alishangaa. "Mama Useok, si wewe uliyesema hata mbingu zianguke?"

"Nilisema, sasa nasema lingine."

"Tukiwaachia leo watatucheka mpaka kaburini!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. Wengine wakaitikia. Niliwaelewa. Ningekuwa mimi nimekaa huko nyuma, na mwanamke fulani anainuka kutuambia tuliachie basi, ningemwambia maneno ambayo hayaandikiki. Maji nilikuwa nimeyavulia nguo mwenyewe. Nikabaki nimesimama katikati, si wa huku si wa kule.

Hapo injini ikazimwa.

Mlango ukafunguka, Jungbae akashuka. Mkononi alikuwa na yule samaki mkavu wa chini ya kiti, uzi mweupe ukiwa bado umemzunguka. Watu wakadhani anataka kutupiga naye, wakarudi nyuma kidogo.

"Tutafanyia hapahapa," alisema.

"Hapa wapi? Barabarani?"

"Baba alikuwa anaingia uwanja huu hata bila tiketi. Njia anaijua."

Hakuna aliyecheka. Fundi Pyo akatandika gazeti lake kwenye lami, mbele ya basi. Nikamweka samaki juu yake. Nikaweka mayai yangu. Mtu akatoa peari. Mwingine akatoa kikombe cha karatasi na chupa ya soju iliyobaki nusu. Picha ya baba ilikuwa nyumbani, kwa hiyo nilivua kofia yake nikaiweka pale ambapo picha ingekaa. Watu wale wote mia mbili, waliokuwa wanatukana dakika moja kabla, wakanyamaza na kuvua kofia zao. Kila mmoja wao ana mtu wake wa kumpikia.

Jungbae alimimina. Akapiga magoti, akainama mara moja, mara mbili, paji likiwa kwenye lami. Kisha ikafika zamu ya kusema. Hakuinuka. Nilimwona mgongo unamtikisika chini ya sare yake ya udereva.

"Baba," alisema. Akakwama. "Baba, Korongo mwaka huu..." Akakwama tena. Akageuza uso kidogo kuelekea kwangu, akanong'ona, "Dada, nimwambie wa nne?"

"Thubutu!"

"Basi sijui. Siwezi. Nawabeba kila siku, dada. Wewe unawaona wakifungwa kisha unakwenda nyumbani. Mimi nakwenda nao."

Maneno hayo yalinichoma. Msimu mzima nilikuwa namuuliza kama wao wanaumia, sikuwahi kumuuliza yeye. Sasa hasira ilinipanda upya, na safari hii ilijua pa kwenda. Nikamruka mdogo wangu pale alipoinama, nikapanda ngazi za basi.

Sikuwa nimeingia humo tangu siku ile ya baraka. Ndani palikuwa na giza la mapazia na harufu ya dawa ya kuchua misuli. Hakuna aliyekuwa amelala. Hakuna aliyekuwa anacheka. Vipara vimeinama safu baada ya safu, na yule mtoto Ban alikuwa amejifunika taulo usoni. Tak mkongwe alikuwa anaushika mkono wake kama mtu anayeshika kitu kisicho chake. Nilikuwa na maneno tayari kwa ajili ya kila mmoja wao. Niliyameza, si kwa huruma, ni kwa sababu baba alikuwa anangoja.

Kocha Chon alikuwa kiti cha kwanza. Kwa karibu alikuwa mzee kuliko nilivyodhani.

"Mama, sitashuka," alisema. "Nikishuka leo, nitashuka kila siku."

"Wale wanataka kesi," nikamwambia. "Mimi sitaki kesi. Baba yangu amekuja kuuliza mko wa ngapi. Huu ni mwaka wa tisa anauliza. Mdogo wangu ameshindwa kumjibu. Kamjibu wewe."

Alinitazama, kisha akasogeza pazia. Aliliona gazeti, kikombe, samaki, kofia. Alimwona Jungbae bado ameinama. Angeweza kuwakatalia watu elfu wenye pumzi. Lakini mwanaume wa kwetu, ukimwambia marehemu amekuja na yuko mbele ya chakula, hawezi kukaa nyuma ya pazia. Mama yake alimlea vizuri mno kwa hilo. Akavua kofia, akashuka.

Umati ulivuta pumzi ya kumzomea. Fundi Pyo akainua mkono. "Shii! Yuko mezani."

Jungbae alimpisha. Kocha akamimina kwa mikono miwili, akainama mara mbili, taratibu, na magoti yake yakalia. Kisha akasema, paji likiwa bado karibu na ardhi:

"Mzee Maeng, mimi ni Chon Byongdo, kocha wa Korongo. Tuko wa mwisho. Tumefungwa mara kumi na nane mfululizo. Leo tulikuwa tunaongoza. Raundi ya nane nilimtoa mrushaji..."

"Ya saba!" nikasema.

"Ya saba!" wakasema watu mia mbili.

"Ya saba," alikubali. "Alikuwa anarusha vizuri. Nilimtoa kwa sababu niliogopa. Kufungwa nimekuzoea, mzee. Nilipoona tunashinda nikachanganyikiwa. Watoto hawana kosa. Kosa ni langu."

Kwa desturi, ukishasema unainamisha kichwa na kungoja, ili marehemu ale kwa nafasi yake. Nikainama na mimi. Nilisikia ndege wakilia huko kwenye matope. Hasira yangu ilikuwa ipo nzima, sikutaka mtu adhani imekwisha. Nilimchukia Chon kwa raundi ya saba, na nilimchukia Tak na mkono wake. Lakini sasa baba alikuwa ameambiwa, na hakuna aliyemdanganya, na nilihisi kifua kikilegea kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita.

Kocha akainua kichwa. Hakumtazama Fundi Pyo wala umati. Alinitazama mimi, na nilielewa kwamba anangoja jibu, kama ambavyo mtu yeyote aliyesema ukweli mbele ya mzee hungoja jibu. Jungbae naye alinitazama.

Nilifungua mdomo nimtukane. Kikatoka kitu kingine.

"Kesho mnaanza saa ngapi?"

"Kesho ni Jumatatu, mama," alisema Kocha Chon. "Hatuchezi."

"Keshokutwa basi."

"Saa kumi na mbili na nusu. Hapahapa."

Jungbae akaweka mikono usoni. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. "Dada," alisema, "hayo ni ya baba."

"Najua ni ya nani," nikamjibu kwa ukali. Nilimkumbuka baba mpaka nikaumwa. Miaka yote ile nilidhani swali lake ni la mtu asiyeumia.

Niliokota kofia yake, nikaikung'uta, nikaivaa. Nikawaambia watu wainuke, na safari hii waliinuka. Nikamwambia Jungbae alipitishe basi kwangu kwanza, kwa sababu chakula cha tambiko hakiliwi na wawili. Wale vipara walikula wamesimama uani, kimya, mpaka sufuria ikaonekana chini. Ban nilimpa peari kubwa kuliko zote. Tak nilimpa kichwa cha samaki, basi.

"Keshokutwa mtafungwa tu," nilimwambia kocha alipokuwa anavaa viatu mlangoni.

"Huenda, mama."

Jumanne saa kumi na mbili kamili nilikuwa kwenye kiti changu, mayai mapajani, nikiwa nimeshaanza kukasirika.